UZI: Ebola na Marburg haziishindi seli kwa nguvu, zinazima mbiu kwanza

Pipeti (mwanzisha uzi)

Wakuu heshima kwenu, na shikamoo kwa wakubwa.

Kwenye ule uzi wa Marburg ya Biharamulo kuna mdau kaandika kwamba binadamu hana kinga yoyote ya asili dhidi ya Ebola na ndugu zake, eti kirusi kikishagusa seli mchezo umekwisha. Akagongewa like za kutosha. Mimi kazi yangu ni ya maabara, sio bosi huko wala sio profesa, ila haya mambo ndiyo ninayoyasoma kila siku, kwa hiyo naomba nimpinge kwa hoja. Seli ya binadamu ina protini kadhaa ambazo zinabana virusi vya aina hii, na zimepimwa zikaonekana zinabana kweli. Tatizo la Ebola liko kwingine. Uzi ni mrefu, asiye na bando la kutosha asome usiku.

Kwanza tuelewane tunaongelea nini. Homa za virusi za kutokwa damu si ugonjwa mmoja. Ebola na Marburg ni ukoo mmoja, filovirusi. Lassa inayosumbua Nigeria na Sierra Leone ni ukoo mwingine kabisa, arenavirusi, inaletwa na panya. Homa ya Bonde la Ufa wanayoijua wafugaji wetu, na ile ya Crimea-Kongo ya kupe, kila moja ina ukoo wake. Dengi na homa ya manjano nazo wa kwao. Kwa hiyo mtu akikwambia "protini fulani inazuia homa za kutokwa damu", muulize ipi. Protini inayoibana Ebola inaweza kuiacha Lassa ikapita kama haioni, na kinyume chake pia kipo. Mtaliona huko mbele.

Ebola yenyewe ni kitu kidogo mno. Jeni 7, RNA (maandishi yake ya urithi) yenye herufi kama 19,000, basi. Binadamu ana jeni za kutengeneza protini zipatazo 20,000. Kirusi cha jeni 7 hakina ubavu wa kufanya lolote peke yake, kila kitu kinaazima kwa seli: pa kupitia wakati wa kuingia, mitambo ya kutengenezea protini, hata njia ya kutokea. Na kila kinapoazima ndipo kinapoweza kubanwa.

Tuanze na kuingia. Kirusi kinajibandika juu ya seli, seli inakimeza ndani ya kifuko kidogo. Humo kifukoni vimeng'enya vya seli viitwavyo katepsini vinaikata protini ya nje ya kirusi (inaitwa GP, nitaitaja sana). Ikishakatwa inafichuka sehemu inayoshikana na protini ya seli inayoitwa NPC1. Kazi ya kawaida ya NPC1 ni kuhamisha kolesteroli, haina habari na virusi. Mwaka 2011 makundi mawili ya watafiti yalitoa matokeo kwa wakati mmoja: bila NPC1, Ebola haiingii. Kuna watoto wanaozaliwa na NPC1 mbovu, ugonjwa wa Niemann-Pick aina C, unaoharibu ubongo taratibu. Seli za ngozi za wagonjwa hao zilipowekewa Ebola hazikuambukizika. Panya wa maabara wenye nakala moja tu nzima ya jeni hiyo, badala ya mbili, wengi walipona dozi inayoua wenzao.

NPC1 si mlinzi, ni kile ambacho kirusi kinakihitaji. Nimeitaja ili mjue mahali. Kirusi kikishashikana nayo, utando wake unatakiwa uungane na utando wa kifuko ili RNA imwagike ndani ya seli. Hapo hapo ndipo inapokaa protini ya kwanza ya kuzuia. Naendelea, nipeni dakika.

Kinyozi_Tandale

Nimevuta kiti. Shusha nondo mkuu.

Jicho Kavu

Mnaanza tena na mavirusi yenu. Haya, tusome.

Pipeti

Inaendelea.

Familia hiyo ya protini inaitwa IFITM, kuna IFITM1, 2 na 3. Mwaka 2009 ilionekana zinazuia mafua ya influenza na dengi, mwaka 2011 zikaongezwa Ebola na Marburg kwenye orodha. IFITM3 inakaa kwenye utando wa vile vifuko vya ndani kabisa, kule ambako Ebola inajaribu kuchomokea. Inaufanya utando uwe mgumu kukunjika, zile tando mbili zinagusana lakini haziungani. Kirusi kinabaki kifukoni, na kifuko ni mahali pa kusagia taka za seli.

Jaribio lake nalipenda kwa sababu unaona kwa macho. Ebola hai inashikwa kwenye maabara za usalama wa ngazi ya 4 tu, zile za kuvaa suti yenye mpira wa hewa, na Afrika ni za kuhesabu. Sisi wengine tunatumia kirusi cha kuvishwa: unachukua kirusi cha kawaida, unakivua protini yake ya nje, unakivisha GP ya Ebola, na ndani unakiwekea jeni ya protini inayong'aa kijani. Hakiwezi kuzaliana kikawa Ebola, ila kikiingia kwenye seli, seli inawaka kijani. Sahani ina visima 96. Safu za kushoto seli za kawaida, safu za kulia seli zilizoongezewa IFITM. Kesho yake unaweka kwenye darubini yenye mwanga wa buluu. Kushoto kijani kimejaa hadi seli zimegusana. Kulia ni giza, na vidoto vya kijani unaweza kuvihesabu kwa kidole. Sasa rudia na seli zile zile, IFITM ile ile, ila kirusi ukivishe GP ya Lassa. Kushoto kijani, kulia kijani. Arenavirusi wanapita hapo bila kubughudhiwa. Ndiyo maana nimesema muulize ipi.

Za pili nazipitia haraka, zote ni za ndani ya seli baada ya kirusi kuingia. ZAP ni protini inayotambua RNA za aina fulani na kuzipeleka zikavunjwe. Tangu 2007 inajulikana inapunguza Ebola na Marburg kwa kupiga RNA ya jeni L, yaani ile inayotengeneza kimeng'enya cha kunakili kirusi. ISG15 inazima protini ya seli iitwayo Nedd4, ambayo Ebola inaitegemea ili ichomoze nje. Na RBBP6, ya mwaka 2018, hii ni kali: protini mbili za kirusi, NP na VP30, zinatakiwa zishikane ili kazi ya kunakili iende sawa. RBBP6 ya binadamu ina kipande kinachofanana na pale pa kushikia pa NP, kwa hiyo inaenda kumng'ang'ania VP30 yenyewe. Watafiti wakakata kipande cha asidi amino 23 tu (vijenzi vya protini) kutoka RBBP6, na hicho kipande peke yake kikatosha kupunguza kirusi kwenye seli. Ukiipunguza RBBP6 kwenye seli, Ebola inastawi zaidi. Halafu mtu aje aseme seli haina cha kufanya!

Daktari wa Zamu

Pipeti asante, umeeleza vizuri. Mimi niko wodini si maabara, lakini swali moja. Hivi virusi vya kuvishwa na yale maganda matupu ya virusi, yasiyo na RNA ndani, vinaaminika kiasi gani? Maana tunasoma kila mwezi "protini fulani yazuia Ebola", tukisubiri dawa hatuioni.

Pipeti

Daktari umegusa penyewe. Nikujibu kwa kisa cha tetherini, na hapa nitakaa kidogo.

Tetherini ni protini ya kwenye utando wa nje wa seli. Ncha yake moja imezama kwenye utando wa seli, ncha nyingine inazama kwenye utando wa kirusi kinachochomoza. Kirusi kimeshakamilika, kinataka kuondoka, kinajikuta kimefungwa mlangoni. Kwenye darubini ya elektroni unaviona vimerundikana juu ya ngozi ya seli, vimeshikana vyenyewe kwa vyenyewe. Ilifahamika vizuri mwaka 2008 kupitia VVU, kwa sababu VVU ina protini inaitwa Vpu ambayo kazi yake mojawapo ni kuiondoa tetherini hapo juu.

Sasa Ebola ina protini VP40, ukiitengeneza peke yake kwenye seli inajijenga maganda marefu kama uzi, hayana RNA ndani, salama kabisa. Mwaka 2009 yakatoka matokeo: tetherini inayashika maganda ya Ebola, ya Marburg, na ya Lassa pia. Shangwe. Mtu ungesema tumepata protini moja ya kuwabana wote. Lakini mwaka huo huo kundi jingine likaonyesha kwamba ukiongeza GP ya Ebola kwenye maganda yale, yanaachiwa. GP inaishinda tetherini, na haifanyi kama Vpu, haiiondoi juu ya seli. Tetherini bado ipo pale pale, ila haishiki.

Mwaka 2010 likafanyika lililotakiwa kufanyika tangu mwanzo, virusi hai ndani ya ngazi ya 4. Lassa hai ilibanwa na tetherini. Ebola hai na Marburg hai hazikubanwa. Yaani ukilinganisha na IFITM ni kinyume kabisa: mlangoni pa kuingilia IFITM inaibana Ebola na kuiacha Lassa, pa kutokea tetherini inaibana Lassa na kuiacha Ebola.

Kwa hiyo jibu langu: ganda tupu linakwambia protini *inaweza* nini. Kirusi hai kinakwambia kimeshajiandaa nini. Ukisoma habari ya "yazuia Ebola", tafuta kwanza kama walitumia kirusi hai. Kama hawakutumia, sio uongo, ila bado ni nusu ya habari.

MamaBaraka

Kaka Pipeti mimi sijasoma sayansi lakini nimefuata mpaka hapa. Sasa kama silaha zote hizo zipo, mbona watu wanakufa hivyo? Biharamulo kule walikufa wote.

Pipeti

Dada, ndiyo swali lenyewe la uzi huu.

Biharamulo Januari 2025 walihesabiwa wagonjwa 10, wawili waliothibitishwa na maabara na wanane wa kudhaniwa, na wote 10 walifariki. Ni kweli. Lakini nchi jirani Rwanda, kati ya Septemba na Desemba 2024, Marburg hiyo hiyo, waliougua 66, waliofariki 15. Kirusi kilekile. Tofauti kubwa ilikuwa kugundua mapema, wodi ya mahututi, maji ya mishipani, na dawa za majaribio kuanza haraka. Ndiyo maana nakataa ile kauli ya "ukipata umekwisha".

Sasa silaha. Nyingi ya hizo nilizotaja, kwenye seli iliyotulia zipo kidogo tu, au hazipo kabisa. Seli haiwezi kuishi ikiwa imezijaza muda wote, zinaiumiza yenyewe. Zinatengenezwa kwa wingi pale inapopigwa mbiu ya mgambo, na mbiu yenyewe ni interferoni. Seli iliyovamiwa inaona RNA ya ajabu ndani yake, inatoa interferoni, seli jirani zinaisikia, zinawasha mamia ya jeni, IFITM, tetherini, ZAP, ISG15 wote wanaamka. Interferoni inajulikana tangu 1957.

Ebola haijajipanga kupigana na silaha moja moja (tetherini ni kisa cha pekee). Imejipanga kuizima mbiu, na inaizima sehemu mbili.

Ya kwanza inazimwa na protini ya kirusi iitwayo VP35. RNA ya kirusi ikiwa inanakiliwa inatokea umbo la nyuzi mbili ambalo seli ya binadamu haina kawaida nalo. Kuna protini za seli, RIG-I na PKR, zinazunguka kutafuta umbo hilo. VP35 inaifunika ile RNA, hadi kwenye ncha zake, RIG-I inapita haioni kitu. Mbiu haipigwi.

Ya pili inazimwa na protini nyingine ya kirusi, VP24. Tuseme mbiu imepigwa na seli nyingine, imefika. Ujumbe wake hubebwa na protini STAT1, ambayo inatakiwa iingie kwenye kiini cha seli ikawashe jeni. STAT1 haiingii yenyewe, inabebwa na protini za usafiri, karioferini alfa. VP24 inakaa pale pale STAT1 inapotakiwa kukaa kwenye karioferini. STAT1 inabaki nje ya kiini. Mbiu imelia, hakuna aliyetoka nyumbani. Marburg nayo inafika huko huko kwa njia nyingine: kwake anayefanya kazi hiyo ni VP40, na anaikata mapema zaidi, kwenye kimeng'enya JAK1, kabla hata ya STAT1 kuguswa.

Ushahidi kwamba hapa ndipo mchezo unapoamuliwa, siyo kwamba silaha ni dhaifu? Panya wa maabara. Chukua panya mzima, mchome Ebola iliyotoka kwa binadamu. Haugui. Chukua panya aliyeondolewa kipokezi cha interferoni, mchome ile ile. Anakufa. Seli zile zile, silaha zile zile kwenye jeni, kilichopungua ni mbiu tu. Na watu walipotengeneza Ebola inayoua panya wa kawaida kwa kuihamisha toka panya hadi panya, mabadiliko mawili yaliyobeba uzito mkubwa yalikuwa kwenye NP na kwenye VP24. Yaani ili kumuua panya kirusi kilibidi kijifunze kuzima mbiu ya panya.

Jicho Kavu

Sawa sawa. Kwa hiyo unakubali kuwa kinga ikipandishwa mtu anapona. Tangawizi, mlonge, kitunguu saumu, ile dawa ya kopo la kijani inayouzwa pale stendi. Mnaogopa kusema kwa sababu wazungu hawatauza.

Pipeti

Jicho Kavu, sikukubali hivyo na wewe unajua.

Mosi, hakuna mmea hata mmoja kati ya hiyo uliyoitaja unaomtoa VP24 kwenye karioferini. Kula mlonge, ni mboga nzuri, nami nakula. Pili, hata interferoni yenyewe halisi, ya sindano, kwa kima walioambukizwa Ebola ilichelewesha kifo, haikuwaokoa. Ukiiweka kwenye seli kabla kirusi hakijafika inasaidia sana, ukiiweka VP24 imeshajaa ndani, utapiga mbiu hadi mkono uchoke.

Tatu, na hili ndilo la hatari. Seli za kwanza Ebola inazopenda ni makrofaji na seli za dendriti, yaani zile zile za kinga. Ndani yao inazima interferoni, lakini haizimi ujumbe mwingine wa uvimbe. Siku za mwisho mgonjwa ana kinga *nyingi* isiyo na mwelekeo: mishipa inavuja, damu inaganda pasipotakiwa na inakosa kuganda panapotakiwa. Mtu wa hali hiyo ukimwambia "apandishe kinga" unamwambia nini? Homa ya ghafla na umetoka kumhudumia mgonjwa au kuosha maiti, simu 199 ya Wizara ya Afya, si stendi.

Kinyozi_Tandale

"Utapiga mbiu hadi mkono uchoke" hahaha. Jicho Kavu kaa chini kaka.

Mwana-Butembo

Jambo bandugu. Miye niko Butembo, Kivu ya Kaskazini. Ebola ya 2018 mpaka 2020 tuliishi nayo hapa, wagonjwa walipita 3,400, wafu zaidi ya 2,200. Mwanzoni watu walikuwa wanasema CTE (kituo cha kutibia Ebola) ni pahali pa kufia, mtu akishikwa na homa anajificha. Nyuma ikakuja dawa, banasema imetoka katika damu ya mtu wa kwetu Kongo aliyepona. Hii nayo ni protini za mwili, ao ni kitu kingine?

Pipeti

Karibu sana ndugu yangu, na poleni kwa mliyoyapitia.

Ni kitu kingine lakini kinakutana na uzi wetu vizuri sana. Ile ni kingamwili, inaitwa mAb114, siku hizi Ebanga. Ilitoka kwa mtu aliyepona Ebola ya Kikwit ya 1995, damu yake ikachukuliwa zaidi ya miaka 10 baadaye na bado seli zake za kinga zilikuwa zinaikumbuka Ebola. Profesa Jean-Jacques Muyembe wa INRB, taasisi ya utafiti wa tiba ya Kinshasa, yule aliyefika Yambuku mwaka 1976 Ebola ilipogunduliwa, ndiye mmoja wa walioisimamia kazi hiyo tangu Kikwit. Majaribio ya dawa yaliyoitwa PALM, yaliyofanyika huko kwenu, yalilinganisha dawa nne. Vifo kwa mAb114 vilikuwa asilimia 35, kwa REGN-EB3 asilimia 33.5, kwa remdesivir asilimia 53. Na waliofika mapema, virusi vikiwa bado vichache kwenye damu, kwa dawa zile mbili za kwanza vifo vilishuka hadi kama asilimia 10 au 11.

Mnakumbuka NPC1? mAb114 inashika GP pale pale panapotakiwa kushikana na NPC1. Inaingia na kirusi hadi kifukoni, na GP hata ikikatwa na katepsini yenyewe haing'oki. Utafiti wa protini za seli ndio uliotueleza kwa nini kingamwili hii inafanya kazi na nyingine zinazoonekana nzuri kwenye kisahani hazifanyi.

Ubaya wake ni kwamba ni ya aina moja tu ya Ebola, ile iitwayo Zaire. Haigusi aina iitwayo Sudan iliyoingia Uganda 2022, wala Marburg.

Laigwanan Mdogo

Wakuu mmetaja Bonde la Ufa mkapita. Sisi 2007 tulipoteza ng'ombe na mbuzi, mimba zote zilitoka, na watu wakafa. Hiyo nayo inazima mbiu?

Pipeti

Inazima, na kwa ukatili zaidi kuliko Ebola. Kirusi hiki kilielezwa mara ya kwanza na madaktari wa mifugo huko Naivasha mwanzoni mwa miaka ya 1930. Kina protini moja, NSs, inayoingia hadi ndani ya kiini cha seli na kujipanga kama nyuzi nene. Inasimamisha uandishi wa jeni wa seli nzima, siyo za interferoni peke yake, na inaipeleka PKR ikavunjwe. Ebola inaizuia PKR isifanye kazi, hiki kinaiua PKR yenyewe.

Na hapa kuna ushahidi mzuri kuliko hata wa panya. Kuna kirusi cha Bonde la Ufa kilichotokana na mgonjwa wa Jamhuri ya Afrika ya Kati, kikaitwa Clone 13. Kilipochunguzwa kikakutwa kimepoteza kama asilimia 70 ya jeni ya NSs. Hakisababishi ugonjwa. Sehemu nyingine zote za kirusi ni nzima, kinaingia kwenye seli, kinazaliana, ila mbiu inalia na mnyama anakimaliza mwenyewe huku akijenga kinga. Afrika Kusini kikafanywa chanjo ya mifugo.

Nshomile wa Kanoni

Omukama abarinde wote. Nami niko Bukoba, 2023 Marburg ilipofika Maruku na Kanyangereko tulikuwa hatulali. Swali: popo wamejaa kwetu, kwenye miembe, kwenye mapango. Wao mbona hawafi? Wana protini gani?

Pipeti

Mzee, popo wako wa aina mbili na tusiwachanganye, maana watu wameanza kukata miti.

Anayebeba Marburg bila kuugua ni popo matunda wa mapangoni, *Rousettus aegyptiacus*. Huyo ndiye wa mapango ya Mlima Elgon na ya magharibi mwa Uganda ambako watu na wachimba migodi waliambukizwa. Yeye NPC1 yake inakipokea kirusi vizuri tu. Anachofanya tofauti kinaelekea kuwa kwenye namna anavyotuliza uvimbe wakati kirusi kipo, hilo bado linafanyiwa kazi.

Yule wa kwenye miembe, mkubwa, rangi kama majani makavu, anayehama kwa makundi makubwa na ambaye Kampala alikuwa na bonde zima lenye jina lake, ni *Eidolon helvum*. Mwaka 2015 seli zake zilijaribiwa kwa Ebola. Hazikuambukizika hivi hivi. Wakaangalia NPC1 yake, wakakuta tofauti ya asidi amino moja pale GP inaposhika. Moja tu. Wakaibadilisha iwe kama ya binadamu, Ebola ikaingia. Lakini msije mkasema basi ni salama mmle, ana virusi vingine vyake.

Bi Shufaa

Na Lassa mwanangu? Umesema yaletwa na panya. Panya huku pwani hadi jikoni wamo.

Pipeti

Shikamoo Bi Shufaa.

Panya wa Lassa ni *Mastomys natalensis*, wa mashambani, na kweli yupo Tanzania nzima. Lassa haipo huku. Lakini wa kwetu hawako mikono mitupu: mwaka 2009 kilielezwa kirusi cha Morogoro, arenavirusi, ndugu wa Lassa, ndani ya panya hao hao, na baadaye cha Gairo nacho kikapatikana. Hakuna mtu anayejulikana kuugua kwa vyote viwili. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Sokoine pale Morogoro wamewafuatilia panya hawa kwa miaka mingi.

Kwa sisi wa maabara ni bahati, maana ukitaka kujua kinachoifanya Lassa iue, unaiweka kando ya ndugu yake asiyeua na kuangalia wanavyotofautiana ndani ya seli ya binadamu. Mahali pa kwanza watu walipotupia macho ni NP ya Lassa. Kwenye Ebola VP35 inaifunika RNA ya nyuzi mbili, NP ya Lassa inaitafuna kabisa, ina sehemu ya kimeng'enya cha kukata RNA. Ila na NP za arenavirusi wengine wasioua zina sehemu hiyo hiyo, kwa hiyo jibu haliwezi kuwa hapo peke yake.

Daktari wa Zamu

Hapo ndipo ningependa ufungue uzi mwingine. Lassa wagonjwa mahututi huwa hawana interferoni nyingi kwenye damu kama unavyotarajia, ila Ebola mahututi wakati mwingine wanayo kwa wingi. Mbiu imelia kwa Ebola na bado wanakufa.

Pipeti

Ndiyo, kwa sababu seli ambazo kirusi hakijaingia bado zinapiga, hasa aina moja ya seli za dendriti za kwenye damu ambazo Ebola haiziwezi vizuri. Interferoni inaelea kwenye damu, ila zenye VP24 ndani haziitikii. Nitafungua uzi wake wiki ijayo nikitoka zamu za usiku. Jicho Kavu nakutag mapema.

Jicho Kavu

Nitakuwepo. Na mlonge nitaleta.